Mama Spéciose wa Carama, Aliyeonja Kwanza

Mwaka wa 1943, katika msimu wa njaa kubwa, alizaliwa Spéciose juu milimani Bugarama, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi na kukaa humo kama mwenyeji. Mama yake alikuwa akipika pombe ya ndizi, na watu wa kilima kizima walijua mlango wake. Kwetu Burundi anayemkaribisha mgeni ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone kwa macho yake mwenyewe kwamba hakuna sumu mtungini wala ubaya moyoni. Basi Spéciose alikua akimwona mama yake akiinama juu ya mtungi, akivuta kidogo kwa mrija, kisha akiinua uso na kutabasamu, na wageni wote wakishusha pumzi. Alipokuwa akijifunza dini, alimwambia katekista kwamba bila shaka Bwana Yesu naye aliuonja ule mkate kabla ya kuwapa mitume. Katekista alicheka mpaka akatoa leso. Sisi tunaoandika habari hizi hatucheki.

Aliteremka mjini akiwa msichana, wakati mji huu wa Bujumbura bado unaitwa Usumbura, akaajiriwa jikoni kwa masista wa mtaa wa Rohero. Alipanga chumba Buyenzi, kati ya misikiti na magereji, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kupaka mafuta ya gari kwenye bawaba za mlango, na kuheshimu adhana kuliko saa ya ukutani. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole, ambaye alimwachia ujane mapema na hakumwachia mtoto. Tusimtie chumvi: alikuwa mkaidi kama nini, alikoroma kwenye mahubiri, na kuna siku aliunguza uji wa masista kwa sababu alikuwa amezama katika ndoto zake akiwa amesimama wima, mwiko mkononi. Mama mkuu alimkemea. Spéciose akaomba radhi, na kesho yake akazama tena.

Mnamo Oktoba 1993 rais aliuawa, na nchi ikaanza kujichinja yenyewe. Mitaa ya mji iligawanyika, huku Watutsi peke yao, kule Wahutu peke yao, na waliokuwa wamechanganyika wakahama au wakafa. Kabila la Spéciose tunaliacha, maana mwenyewe alipoulizwa alijibu, “Mi ni mupishi,” akaendelea kupepeta. Katika siku hizo aliota ndoto iliyomrudia maisha yake yote. Alimwona mama yake amesimama katikati ya Ziwa Tanganyika, maji yakimfika magotini tu, naye ameshika mrija mrefu mno. Watu walijaa ng’ambo ya Kongo na ng’ambo ya Burundi, wamekaa kimya wakimtazama. Mama akainama, akaonja ziwa, kisha akamgeukia binti yake na kumnyoshea mrija. Spéciose aliamka midomo ikiwa imelowa. Asubuhi ileile aliwaaga masista, akafunga nguo zake ndani ya kitenge na kuelekea kaskazini, Carama, ambako watu walikuwa wanakufa njaa.

Carama iko pembezoni mwa mtaa wa Kinama, nusu yake nyumba, nusu mashamba, na kijito kinapita katikati. Upande wa huku, kufikia mwaka wa 1995, waliishi wakimbizi waliolindwa na jeshi. Upande wa kule, katika mtama na vichaka, walijificha akina mama na watoto wao, wakiogopa jeshi kuliko wanavyoogopa mvua na nyoka, maana waume na kaka zao walihesabiwa kuwa waasi hata kama hawakuwa. Spéciose aliweka sufuria yake kubwa kwenye ua wa kanisa dogo, karibu na kijito, ili ifikiwe na watu wa pande zote mbili. Bwana Valéry, msimamizi wa shirika moja la msaada lenye ofisi yake Rohero, alimpatia unga wa mtama, soya na mahindi. Kila asubuhi, uji ulipoiva, Spéciose alichota kwa kata ya kibuyu, akanywa mbele ya wote, akainua uso, kisha akagawa. Wa huku walikunywa. Wa kule walivuka mmoja mmoja wakati ukungu wa ziwa umepanda na kufunika kijito, wakanywa, wakarudi. Hakuna aliyemuuliza jirani yake ametoka wapi. Miongoni mwa waliovuka alikuwemo Jovithe, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye kila siku alimtazama Spéciose kooni mpaka ahakikishe amemeza.

Kisha likaja kosa, na tunalisimulia kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia kwa kila aliyetaka kumsifu. Njia ya kutoka mjini iliharibika kwa mashambulizi, na unga ukakaa ghalani huku sufuria ikiwa tupu. Valéry alikuja akiwa na furaha ya mtu aliyepata suluhisho.

“Mama, komanda Sylvère anatupatia camion ya jeshi, na basoda ya kutusindikiza. Ni leo tu.”

Spéciose alifikiria watoto. Alisikia moyo ukimkataza, lakini njaa ya watoto ilipiga kelele zaidi. “Kama ni leo tu, sawa,” akasema.

Lori liliingia ua wa kanisa mchana kweupe, limejaa magunia na wanajeshi wakiwa wamekaa juu yake, bunduki zimeelekezwa kwenye mtama wa ng’ambo. Walikuwa vijana wachangamfu. Walisaidia hata kupakua. Kesho yake uji uliiva, ukungu ukapanda vizuri, Spéciose akaonja na kuinua uso. Hakuvuka mtu. Akaonja tena, akacheka kwa sauti ili asikike ng’ambo. Wa huku walikunywa wakashiba, na uji uliobaki ukapoa na kuota ngozi juu. Hali ikawa hiyo kesho yake, na siku zilizofuata. Wa kule walikuwa wameelewa kwamba uji ule ni chambo cha jeshi, na kwamba atakayeufuata atakamatwa.

Jovithe alivuka mwishoni, peke yake, na mgongoni hakuna mtoto. Alisimama mbali na sufuria.

“Mama, nilikuona. Nilikuona unaonja,” alisema. “Lakini niliona na ile camion. Nikasema, uyu mama banamutuma ju batukamate. Mutoto amekufa juzi, na mi nilikuwa nasikia harufu ya uji.”

Spéciose hakujitetea. Alikaa chini mavumbini, akavua kilemba, akalia kama watu wanavyolia msibani kwao wenyewe, na Jovithe akabaki amesimama akimtazama, kisha akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo Spéciose alijua jambo ambalo wakubwa wengi wa misaada wamelisoma vitabuni wakalisahau njiani: kwamba chakula kina sura ya aliyekibeba. Aliapa mbele ya tabernakulo, pale altareni, kwamba hakuna bunduki itakayotangulia wala kufuata sufuria yake tena, hata kama itabidi aombe unga kwa mikono.

Haikuwa rahisi. Valéry alimsihi, maana ofisi yake ilitaka kibali cha jeshi, na kibali kilitaka lori. Spéciose alishuka Buyenzi kwa miguu, akaenda kwa Mzee Ramazani, fundi wa magari aliyekuwa jirani yake zamani.

“Ramazani, ndugu yangu, mikokoteni yako ingali inatembea?”

“Inatembea kama iko na kitu ya kubeba. Na njia je?”

“Njia iko mubaya.”

“Bismillahi, basi tutaenda pole pole,” akajibu mzee, akaanza kutafuta pampu ya magurudumu.

Watu wa Buyenzi hawakuhesabiwa wa upande wowote katika vita vile, na kila kizuizi kiliwajua kwa kanzu zao na Kiswahili chao. Basi unga ukawa unapanda Carama juu ya mikokoteni, ukisukumwa na mafundi na wake zao, bila bendera, bila askari. Lakini wa kule bado hawakuvuka. Imani ikivunjika, hairudi kwa sababu umebadilisha magurudumu. Spéciose alipika kila siku kwa ajili ya watu wasiokuja, akaonja, akainua uso kuelekea mtama, akangoja. Katika kungoja huko aliona mambo. Aliwaambia wanawake wa parokia kwamba ukungu una watu ndani yake, kwamba anamwona mama yake kati ya ukungu na kijito, ameshika mrija, na hatabasamu.

Komanda Sylvère alikasirika kwamba lori lake limekataliwa. Alitaka pia wageni kutoka Rohero waje kupiga picha, askari wake wakigawa uji, ili dunia ione jeshi linalisha raia. Alifika uani na walinzi, akamwita mukecuru, yaani bibi kizee, ingawa hakuwa amezeeka kiasi hicho.

“We mukecuru, unakataa basoda yangu ju ya nini? Iyi uji yako inalisha bibi za barebeli!”

“Inalisha mwenye njaa, Komanda. Na we kama uko na njaa, weka bunduki kwa mulango, kisha ukuje upange musitari nyuma ya bale bamama.”

Mtu mmoja akacheka. Hatujui alikuwa raia au mwanajeshi, ila kicheko kile kilitosha. Komanda aliinua buti na kuipiga teke sufuria, ikapinduka, na uji wote ukamwagika ukitoa moshi mpaka ukingoni mwa kijito. Watoto walianza kulia. Askari wake, ambao wengine hawakuwa wamekula tangu jana, waliangalia chini. Spéciose alipiga magoti kwenye uji wa moto, akachota kidogo pamoja na mchanga kwa kiganja, akaonja, akainua uso kumtazama komanda. Magoti yake yalikuwa na makovu mpaka alipokufa, na walioyaosha wameyaona.

Sasa sikilizeni alivyotenda Mungu. Ng’ambo, ndani ya mtama, akina mama waliona kila kitu. Waliona buti, waliona sufuria ikipinduka, wakaelewa kwamba uji uliomwagwa na jeshi hauwezi kuwa uji wa jeshi. Asubuhi iliyofuata ukungu ulipanda mzito kuliko siku zote, na Spéciose, aliyekuwa akisugua sufuria yenye kombo ubavuni palipopigwa teke, alisikia maji ya kijito yakikanyagwa na miguu mingi. Alidhani ni ndoto. Jovithe alitangulia, na nyuma yake wakaja wanawake na watoto, wamelowa, kimya, wakapanga mstari nyuma ya wale wa huku. Spéciose aliangua kilio cha furaha mpaka akasahau kuonja, na Jovithe ndiye aliyemkumbusha: “Mama, anza we.”

Kupendwa nako ni jaribu. Haukupita muda, akaja kijana aliyevaa mabuti ya mvua, kisu kiunoni na gunia la mchele begani, akasema ni zawadi ya waliomo msituni.

“Mama, sasa twajua we ni wetu.”

“Sikuwa wa komanda, na sitakuwa wenu,” Spéciose alimjibu. “Iyo gunia murudishe kwenye muliitoa. Na we mwana wangu, ukitaka uji, rudi bila kisu.” Kijana aliondoka akinuna, na vitisho vikaanza kutoka pande zote mbili. Valéry alimwomba ahame kwa muda. Alikataa. Alimwambia kwamba ndotoni mama yake ameanza kutabasamu tena, na hawezi kumwacha amesimama ziwani peke yake.

Alikufa asubuhi moja ya Juma Takatifu, mwaka wa 1998. Uji ulikuwa umeiva na kata iko mkononi, risasi zikaanza kupishana juu ya kijito, na moja ikampata chini ya kifua. Ilitoka upande gani hatujui, na yeye alikataza kuuliza. Watu walilala chini mpaka milio ikapoa. Walipoinuka, mistari miwili ilianza kuachana, wa huku wakirudi huku, wa kule wakirudi kule, kila mmoja akimtazama mwenzake kama muuaji. Spéciose, kichwa chake mapajani mwa Jovithe, aliona sufuria imejaa na watoto wanavutwa mkono kuondoka.

“Nani ataonja?” akauliza.

Jovithe alimlaza taratibu, akaokota kata, akaipangusa damu kwa kitenge chake. Akachota. Akanywa mbele ya wote, akameza, akainua uso. Watu wakasimama. Spéciose alimwona akifanya hivyo, akashusha pumzi kama wale wageni wa mama yake, na hakuivuta nyingine.

Serikali ilileta bendera ya kufunika jeneza, na waasi wakatuma habari kwamba ni shujaa wao. Parokia ikazikataa zote mbili. Alifunikwa kitenge chake cha jikoni, akasafirishwa juu ya mkokoteni wa Mzee Ramazani, na walioimba walikuwa Wakristo na Waislamu. Wapo wanaosema sufuria ile haikuisha siku ya maziko, hata walipolishwa watu wote. Wapo wanaosema ukungu haukuinuka kijitoni mpaka wa kule wote walipovuka salama kurudi. Kanisa halijatamka lolote, nasi hatulitangulii. Tunamwita mtakatifu kwa sauti ya chini, tukiwa jikoni. Anayetaka kumwiga na aanze pale alipoanzia yeye: asimpe mwenye njaa kitu ambacho hajakionja naye, wala asikubali mwenye nguvu akibebe kwa niaba yake.

Vita vilipokwisha, Jovithe aliendelea kupika Carama kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Spéciose, kwa sufuria ileile yenye kombo. Mwaka mmoja alifika mzee aliyestaafu, amevaa ndala, akasimama mlangoni mwa ua muda mrefu. Watu walimtambua kuwa ni Sylvère, na mnong’ono ukapita. Hakuwa na bunduki ya kuweka chini, basi akaweka kofia. Kisha akaenda kupanga mstari, nyuma ya akina mama. Zamu yake ilipofika, Jovithe alimtazama. Akachota, akanywa yeye kwanza, akainua uso, akamnyoshea kata.

“Nimeonja, Komanda,” akasema. “Kunywa.”