Nilimpa shemeji kipira cha adaptable ndani ya boksi la origine

Admin, ficha jina langu na jina la duka. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Ndugu wa page hii, najua mko wengi na wengine mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnishauri.

Mimi ni baba wa miaka arobaini na mbili, Mkatoliki, nina watoto watano, nauza vipuri vya injini za mitumbwi hapa Butembo. Wateja wangu ni wavuvi wa Ziwa Edouard. Kwetu kipuri kina majina mawili: kuna "origine", kilichotoka kwa mwenye kutengeneza injini, na kuna "adaptable", kinachofanana nacho kwa sura. Adaptable si dhambi. Mvuvi akijua ni adaptable anakibadilisha mapema, na haendi mbali na ufuko. Dhambi ni boksi. Fundi akishafunga origine, boksi tupu linarudi dukani, nasi tunalitia adaptable ndani. Ukipita mtaa wetu utakuta origine nyingi kuliko kiwanda chenyewe kinavyoweza kutengeneza. Sisi wauzaji tunalicheka jambo hilo, nami nililicheka miaka mingi.

Dada yangu mdogo, Masika, aliolewa Kyavinyonge, kule ziwani, na mvuvi aitwaye Kakule. Shemeji huyu alinipenda kupita kiasi. Kila mahali alijisifu kwamba kwa shemeji yake hakuna kitu cha uongo. Siku moja alipanda hadi Butembo kutafuta kipira cha pampu ya maji, kile kinachovuta maji ya ziwa kupoza injini. Kikikatika, injini inaungua.

"Shemeji, unipatie ya origine," akasema. "Adaptable ilinilalisha ku maji mara mbili. Sitaki tena."

Origine zilikuwa zimeisha, mzigo wangu umekwama mpakani. Ningesema sina, yakaisha. Lakini alikuwa amekuja na wavuvi wenzake wawili ili awaonyeshe duka la shemeji yake, na kiburi kikanishika. Nikainama chini ya meza, nikatia adaptable kwenye boksi la origine.

"Hapana ogopa," nikamwambia. "Hii utaisahau mu moteur."

Nilijiambia mzigo ukifika nitambadilishia. Mzigo ulifika baada ya wiki mbili. Nilishika simu nikaiweka chini, maana kumpigia kulikuwa ni kukiri. Nikasema moyoni, wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika nikasema vilevile. Hapo ndipo nilipomuua, si ile siku ya dukani.

Kakule, kwa sababu aliamini, alianza kwenda katikati ya ziwa, kule ambako zamani hakuthubutu. Asubuhi moja injini ilitoa moshi, ikazima. Upepo ulikuwa mkali na mtumbwi ukapinduka. Mwenzake aliyekuwa naye mtumbwini alishikilia dumu tupu hadi wavuvi wengine wakamwokoa. Kakule alizama, tukamzika siku ya tatu. Huyo mwenzake ndiye aliyetueleza alichosema Kakule alipokuwa akihangaika na injini: "Kipira ni ya origine, nilikamata kwa shemeji. Donc ni fundi aliweka mubaya."

Fundi ni Papa Mbusa, mzee wa asili ya Masereka, amefunga injini za watu pale ziwani tangu ujana wake. Baada ya maziko alifungua ile injini, iliyovutwa ufukoni pamoja na mtumbwi, mbele yetu, akatoa kipira kikiwa vipande vipande. Alivigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Origine haikatikake hivi," akasema. "Labda nilisahau kupakala mafuta mbele ya kuiweka. Macho yangu imezeeka. Munisamehe, bana bangu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sikusema neno. Vijana wa familia ya Kakule walitaka kumpiga na kuchoma kibanda chake cha kazi. Mimi ndiye niliyewazuia, nikasema ni mzee, tusiongeze kilio juu ya kilio. Tangu siku hiyo wananiita mtu wa huruma. Najichukia kila ninapolisikia jina hilo.

Familia ilikaa, ikaamua Papa Mbusa aache kazi, arudi Masereka, na Jumamosi hii alete mbuzi wa kuomba msamaha. Lazima awepo wa kumpokea mbuzi huyo kwa niaba ya mjane.

"Ni weye, yaya," Masika aliniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Ni weye mukubwa yangu. Ukipokea ule mbuzi, na miye roho yangu itatulia."

Masika na watoto wake watatu wanaishi kwangu sasa. Mke wangu, ambaye peke yake anajua, ananiambia: "Nyamaza. Ukisema, Kakule hatarudi. Na Masika ataondoka hapa na batoto. Ataenda wapi?" Anasema kweli. Nikisema, dada yangu anampoteza kaka baada ya kumpoteza mume, na wale vijana sijui watanifanya nini. Nikinyamaza, mzee wa watu atakufa akiamini kwamba ameua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi hata nikiufunua sioni nitakachozaa. Hata kanisani nimeacha kukomunika, na Masika anadhani ni huzuni ya msiba.

Jana Papa Mbusa alinipigia simu. Alinishukuru kwa kumtetea mbele ya wale vijana, akaniombea mimi na watoto wangu. Kisha akaniuliza, kwa aibu, kama mbuzi jike atafaa, kwa sababu dume hana, na huyo jike ndiye pekee aliyebaki nyumbani kwake. Nilimjibu kwamba atafaa.

Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini, nifanye nini?