Kigelegele Changu Chini ya Himalaya

Tangu nirudi Kindu, kwetu Kongo, sijamwambia mtu kisa hiki, maana hata nikiwa peke yangu kinanitoa jasho.

Binti yangu Zaina anasoma India. Nilipomtembelea alinipeleka kuona ngome ya zamani, juu ya kilima chini ya milima ya Himalaya. Yeye akabaki mlangoni kukata tiketi, mimi kiherehere nikatangulia ndani.

Uani nikakuta watu wameketi kwenye mikeka, wote wamevaa nyeupe. Mbele yao kulikuwa na picha kubwa ya mwanaume, imevishwa shada la maua. Nikajua ni arusi, ingawa bwana arusi nilimwona amezeeka kidogo.

Kilichonishtua ni ule ukimya. Mimi niliolewa wakati wa vita, na kwa kuogopa askari hakuna aliyethubutu kunipigia hata kigelegele kimoja. Niliapa kwamba arusi nyingine haitapita bubu mbele yangu.

Basi nikapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kutoka minarani. Nikamwinua mama mmoja aliyeketi karibu na picha, nikaanza kumchezesha.

Zaina akaja mbio. "Mama, nyamaza. Hii njo matanga. Huyu wa kwenye picha njo mwenye ngome, alikufa juzi."

"Na huyu mama je?"

"Njo bibi yake."

Mkono wa mjane ulikuwa bado ndani ya mkono wangu, na kiuno changu kilikuwa hakijasimama.