Tonge Nililolipeleka Kwenye Mkutano wa Sheria

Admin, salamu. Nifiche jina langu tafadhali. Majina mengine yote humu nimeyabadilisha, maana mji wetu wa Kasongo, huku Kongo, ni mdogo na watu wanajuana mpaka kwa mlio wa pikipiki.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, nafundisha sheria chuo kikuu kama asistenti hapa mjini. Kwetu ni kijiji cha Wamaza, upande wa Kabambare. Zimebaki siku tatu kufika mkutano nitakaoueleza hapa, na sijui nifanye nini.

Wakati wa vita baba yangu aliuawa shambani. Waliomuua hatukuwajua, walikuja na bunduki wakaondoka. Lakini aliyewaonyesha njia ya shamba letu tulimjua vizuri. Alikuwa jirani, nitamwita Baba Amisi. Alisema walimtishia, na huenda ni kweli. Tukaishi hivyo, tunapishana sokoni bila salamu, mpaka dada yangu mkubwa, yaya Feza, akapata mimba ya kijana wa mtu huyo huyo. Hebu fikirieni.

Wazee wakasema hakuna ndoa kabla jambo la damu halijaisha. Kwetu liliishia hivi: mbuzi alipikwa, wali ukawekwa kwenye sahani moja, na aliyekosa akakata tonge kwa mkono wake amlishe aliyekosewa mbele ya watu wote. Ukimeza, imekwisha, hakuna ruhusa kulitaja tena. Ukikataa, familia zenu hazioani wala hazili pamoja. Nilikuwapo. Mama alifungua mdomo, Baba Amisi akamlisha huku machozi yanamtoka, wanawake wakapiga vigelegele. Yaya akaolewa. Leo ana watoto wanne na mume wake ni mtu mwema, siwezi kumsema vibaya.

Sasa, kila mwaka wanasheria hukutana kujadili sheria ya kimataifa na matatizo yanayoikabili siku hizi. Mwaka huu mkutano umekuja hapa Kasongo, na swali mojawapo ni kama mapatano ya kijijini yanaweza kusimama pale ambapo kosa ni la kivita. Mimi nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya swali hilo. Nikaandika kurasa kumi na tano kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, nikisema Wamaza ilimaliza kwa sahani moja kile ambacho mahakama za dunia zinahangaika nacho. Majina sikuweka, lakini nilieleza kwamba mjane ni mama yangu. Nilijivuna sana.

Mkubwa wangu wa kazi alisoma, akaniita ofisini. "Asistenti, hii ni mufano mukubwa! Sasa ulete hao watu wawili. Ule baba amulishe mama tena, pale mbele ya wageni. Watu wa sheria nao waone kwa macho."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kabla sijamuuliza mama yangu hata neno moja, na hilo ndilo kosa ninaloungama hapa. Baba Amisi nilimpigia simu, akakubali siku ile ile. Nasikia shati lake limeshapigwa pasi.

Jumapili nikapanda pikipiki mpaka Wamaza. Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza kila kitu kwa furaha, kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani.

"Uliandika nini juu yangu?" akauliza.

"Niliandika kama ulisamehe, mama."

Akauacha mchi ndani ya kinu. "Nani alikuambia?"

"Mama, nilikuwa pale. Nilikuona unakula."

"Uliona mudomo. Koo uliiona? Ile tonge niliiweka mu shavu, nikaenda nyuma ya jikoni, nikaitema mu majivu. Yaya yako alikuwa na mimba. Ninyi mulishabaki bila baba. Ule mutoto naye akose baba? Ningefanya nini?"

Nilimwambia basi abaki nyumbani, mimi nitasema anaumwa. Akacheka, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa mama yangu.

"Hapana. Nitakuja. Nilinyamaza kwa ajili ya yaya yako, sitanyamaza kwa ajili ya karatasi yako. Ule baba akileta tena mukono ku mudomo wangu, nitafunga meno. Na wakinipa mikro ya kusemea, nitasema."

Kisha akaendelea kutwanga.

Yaya hajui lolote. Leo asubuhi amenipigia simu anacheka, ameshachagua liputa, kitenge cha sare. "Tutavaa moja, mimi na wewe na mama," aliniambia. "Watu wa konferansi watatujua tu!" Nikamjibu ni nzuri, nikakata simu, nikalia.

Nikiondoa maandishi yangu, programu imeshachapwa na mkubwa wangu si mtu wa kusahau. Nikiyasoma, nitakuwa nasema uongo juu ya mama mbele ya macho yake, yeye amekaa safu ya mbele. Nikisema ukweli, tonge halikumezwa, na kwa wazee wetu ndoa ya yaya inakuwa haina msingi. Wakwe zake wataamka siku ya pili wakimwangalia kwa jicho lingine, na watoto wale wanne wataambiwa nini? Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila mwaka nafundisha wanafunzi kuwa aliyeumizwa ana haki ya kusikilizwa. Nawapa mitihani juu ya hilo, nawakata alama. Mama yangu alikaa na lile jambo peke yake miaka yote, na mimi sikuwahi kumuuliza chochote, nilimnukuu tu.

Pikipiki ya kumleta nimeshaiagiza, itaondoka hapa kesho kutwa alfajiri. Niizuie, au nimwache mama aje aseme? Nishaurini kama mngemshauri dada yenu wa tumbo moja, hata kwa ukali nitavumilia. Ila msiniambie nikamwombe mama ameze.