Mkono Nilioinua Ziwani

Kazi yangu ni kuunda watu wa uongo ndani ya kompyuta. Kila mtu ni nukta. Nukta ya samawati bado haijaanza ibada fulani; ikizungukwa na nukta nyekundu za kutosha, nayo huiga na kugeuka nyekundu. Ndivyo tunavyochunguza jinsi ibada inavyosambaa. Majirani zangu wa Kaloleni wakiniuliza nafanya nini, nasema nafundisha hesabu, tunaachana kwa amani.

Ibada niliyoichagua ilikuwa ya shangazi yangu kule Asembo Bay. Ziwa lilimchukua mumewe, na alipopatikana, shangazi alimnawisha uso kwa mikono miwili pale pale ufuoni. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya boti kurudi, alikuwa akivua viatu, anaingia maji ya magoti, ananawa uso kwa mikono miwili na kuomba. Wachuuzi wenzake wa samaki wakamfuata, kisha wa ufuo wa jirani. Hakuna mchungaji aliyewatuma.

Mwaka jana nilikwenda kuwatazama.

"Nyathina, mtoto wangu, maombi haiangaliwi kama mpira," shangazi aliniambia. "Ingia."

Nikaingia, suruali nimeikunja, simu ikinasa sauti mfukoni mwa shati. Wimbi likanijia. Nikaichomoa simu haraka, nikaiinua juu ya kichwa kwa mkono wa kulia, na uso nikaunawa kwa wa kushoto, macho nimeyafumba nikijifanya mcha Mungu. Nilichokuwa nikiomba ni simu isilowe.

Juzi nimerudi. Wanawake wote walikuwa majini, kila mmoja akinawa uso kwa mkono mmoja, wa pili ameuinua juu, ngumi imefungwa kama imeshika kitu. Mwanzoni nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona data. Kisha nikaziangalia zile ngumi vizuri, nikautambua mkono wangu ulioshika simu.

Shangazi hakuwa majini. Alikuwa ameketi mchangani juu ya ndoo aliyoipindua, viatu miguuni, akiwatazama.

Nilisubiri wamalize, nikamwendea mama aliyekuwa akiwaongoza sasa. Nikamweleza yote: wimbi, simu, woga wangu. Nilitaka anicheke. Hakucheka.

"Mwalimu, Mungu anaweza tumia hata simu," alisema kwa upole. "Huo mkono juu tumeona kazi yake. Ile wiki tulianza, boti ilipinduka na watu wote wakatoka wazima. Shangazi yako tulimwambia ainue tu, akakataa. Sasa mtu ananyima Mungu mkono, ataongoza wengine aje?"

Waume na wana wao walikuwa bado huko majini. Nilimshukuru, nikaondoka nimeinamisha kichwa.

Shangazi nilimkuta nyumbani kwake akianika omena, dagaa wa ziwani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu kwamba yeye alimnawisha bwana yake kwa mikono miwili, na hajui kumkumbuka kwa mmoja. Kisha akapangusa mikono kwa leso.

"Wanasema unatuweka kwa kompyuta. Hebu nione."

Nikaifungua, nikabadilisha ibada iwe ile ya mkono juu. Ufuo wetu ulikuwa pale, nukta zikigeuka moja baada ya nyingine kuelekea Kisumu. Alitazama kwa makini, kama anayetafuta mtu kwenye picha ya harusi.

"Nyekundu ni wale wa mkono juu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi niko wapi?"

Kuna kanuni moja niliyoiweka ili programu isiwe nzito: nukta inayokataa kuiga, ikibaki peke yake kwa muda, inafutwa. Niliiandika nikinywa chai, bila kumfikiria mtu yeyote. Nilitafuta samawati ufuo mzima, nikasogeza picha huku na huku kana kwamba tatizo ni kioo. Haikuwepo. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Na badala ya kumwambia ukweli, niliweka kidole kwenye nukta iliyokuwa karibu na nyumba yake.

"Huyu hapa."

Aliinama, akapangusa kioo kwa ncha ya leso, akatazama tena.

"Lakini huyu ni mwekundu, nyathina."