Ua la Nakhumicha

Sellah alikuwa msusi mtaani Tuwan, Kitale. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, lakini dadake alipofariki akijifungua, yeye ndiye aliyembeba Nakhumicha kutoka hospitalini, akamlea kwa maziwa ya kopo na maombi. Wangila, baba mtoto, alirudi kwao Bungoma baada ya mazishi. Mtoto akakua akimwita Sellah Mama, na hakuna aliyemsahihisha.

Nakhumicha alipofika gredi ya tano, mwalimu aliwaambia waandae majaribio ya maonyesho ya sayansi. Yeye akachagua maua. Sellah alimwombea maua meupe kwa kina mama wanaopamba kanisa, akanunua rangi za keki, nyekundu na buluu. Mtoto alipasua shina la ua moja katikati, kila upande akautumbukiza katika glasi yake.

"Maji yatapanda, Mama. Utaona."

Kulipokucha, ua lilikuwa jekundu huku, buluu kule. Nakhumicha alicheka hata akashindwa kuvaa soksi.

Mchana wake Wangila akabisha hodi. Alikuwa ameoa, amejenga, na sasa alimtaka binti yake nyumbani. Hakuja kwa ubaya. Alimshukuru Sellah mpaka machozi yakamlengalenga.

"Si ungoje Ijumaa tu, shemeji? Ana maonyesho shuleni."

"Huko pia kuna shule, shemeji. Nikingoja hili, kutatokea lingine."

Sellah akaingia ndani. Akamfungia mtoto nguo zake.

Jumamosi alilifunga lile ua kwa gazeti lenye unyevu, akaenda Bungoma. Nakhumicha alitoka jikoni mbio, kisha akasita, akamtazama mke wa babake aliyesimama mlangoni. Akanyoosha mkono kwa adabu.

"Karibu, Mama mdogo."

Sellah aliitikia. Ndivyo anavyoitwa dada wa mama. Mtoto alikuwa amefundishwa vizuri. Akampa ua. Nakhumicha akawaeleza wenyeji wake jinsi maji yanavyopanda, nao wakamsifu. Sellah akaletewa chai.

Wakati wa kuagana, mtoto alimshika leso, akanong'ona, "Ijumaa waliita jina langu?"

Sellah hakuwa amekanyaga shuleni siku hiyo.

"Waliliita," akasema. "Wakakupigia makofi."

Akashika njia ya barabarani bila kugeuka, maana alijua akigeuka atamchukua.