Mwalimu Alipoandika Vibaya

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyeishi peke yake ghorofa ya tatu, katika ploti yetu hapa Njiru, amefariki. Msomaji wangu, usitarajie nimlilie. Wapo watakaosimama kanisani waseme alipendwa na majirani, nao watakuwa wakidanganya mbele ya jeneza.

Alipohamia tulifurahi. Tulimwingiza katika kundi la simu la ploti, lile la kuulizana habari za maji na takataka, na watu wakaanza kumpelekea maswali: neno hili huandikwaje, barua ya kuomba kazi huanzaje, hapa naweka nukta au mkato? Alijibu yote, tena sawasawa, lakini kila jibu lilikuja na kofi lake. Muuza mboga wa getini aliambiwa ni aibu ya shule iliyompitisha. Siku mama wa ghorofa ya kwanza alipoandika, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba mtoto wake amelazwa, mwalimu ndiye aliyetangulia kujibu. Akamwanikia makosa yake yote, moja baada ya jingine. Pole hakusema. Wee! Nani angethubutu kuandika tena? Watu walizima sauti ya kundi hilo, wakafungua jingine la Kiswahili na Sheng, yeye wakamwacha kule.

Jumamosi asubuhi aliandika ujumbe kule kule, kwa Kiingereza. Haukuonwa hadi mchana, kijana mmoja alipoufungua kwa bahati tu, akakimbilia kundi letu jipya.

"Niaje wasee! Kujeni muone, mwalimu mwenyewe ameandika vibaya!"

Na kweli, herufi zilirukwa na sentensi ya mwisho haikuisha. Watu walimiminika kule kama wameitiwa pilau. Fundi bomba akamsahihishia neno la kwanza, muuza mboga la pili, mwingine akamwambia arudie kazi yote. Vicheko juu ya vicheko. Aliyeuliza ni yule mama wa ghorofa ya kwanza.

"Lakini jameni, si anasema hawezi kupumua?"

Mlango ulipovunjwa alikuwa ameshapoa, simu mkononi, masahihisho bado yakiingia.

Ukimzoesha jirani kutazama makosa tu, siku ya shida atayatazama makosa. Mwalimu alipenda kutuambia kwamba hatufundishiki. Hapo alitukosea heshima bure. Ujumbe wake wa mwisho tuliusahihisha wote, hatukubakisha hata nukta.