Vitabu Nilivyowachagulia Wenzangu

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka natamani kumshika yule kijana niliyekuwa, nimtikise mabega. Nilikuwa na miaka kumi na sita, hapa hapa Bukavu, wakati wa Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen, yaani raia, hata darasani. Shule yetu haikuwa na vitabu vya kusoma. Maktaba ya mji ikakubali kutuazima sanduku moja la vitabu ishirini kila muhula, na mwalimu akanituma mimi nikavichague, eti kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani. Hilo lilikuwa kosa lake. Mengine yote ni yangu.

Nikiwa mlangoni, binti mmoja wa darasa letu akanisimamisha. Aliitwa Nabintu, mtu wa kijiji cha Mumosho, anakaa mjini kwa shangazi yake. Hakuwa msemaji.

"Uniletee kitabu ya mutoto mwanamuke," akasema. "Mwenye anatoka kwabo, anaenda kukaa kwa batu bengine. Nataka kuona ye alifanyaje."

Nikajibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza inzi.

Maktaba alikuwa anaiangalia Maman Nsimire, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza wenzangu wanapenda nini. "Banapenda kujifunza, Maman," nikasema, kifua mbele. Basi nikachagua vinene. Sheria. Reli. Hotuba. Nilitaka watu wa barabarani wanione navyo, huo ndio ukweli. Yeye akapiga mihuri akiguna tu.

Ilivyokwenda, unaweza kukisia. Mwenzangu mmoja alikuta mama yake anafunikia ndoo ya maji kitabu cha sheria. Na Nabintu je? Nilimpa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nikamwambia, "Iko mwanamuke ndani, malkia." Nilicheka mwenyewe. Hadi leo najionea haya.

Akakisoma, maskini, kamusi mkononi, majuma matatu. Kisha akanirudishia mbele ya wenzetu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Nilizani niko na akili," akasema. "Kumbe bitabu haiko bya miye. Shangazi anataka niache masomo, niende kuuza naye soko ya Minova. Nitaenda."

Nikakimbilia kwa Maman Nsimire, nikidhani atanipoza.

"Katika bile bitabu, ulisoma hata kimoja?"

"Hapana, Maman."

"Hata ukurasa moja?"

Nikatikisa kichwa: hata huo.

"Sasa juu ya nini ulipatia benzako kitu yenye weye mwenyewe haukugusa? Kitabu haiko mufuko ya makaa, ati unaangalia uzito! Batu bengi banaingia humu, habajue kusema banataka nini. Ule binti alijua. Alikuambia yote. Weye ndiyo haukusikia. Kesho umulete. Na weye ufunge kinywa."

Nikamleta. Maman Nsimire akakaa naye kwenye benchi, akamuuliza kwa shangazi anafanya kazi gani, anamkumbuka nani wa nyumbani, nini kinamchekesha. Kisha akatoa vitabu vitatu vyembamba kwenye rafu ya chini, ambayo mimi sikuinama hata kuitazama. "Soma mwanzo. Kikikuchosha, unakirudisha. Hakuna mwenye atakukasirikia."

Cha kwanza akakirudisha. Cha pili vilevile. Cha tatu akakisoma amesimama, halafu ameegemea ukuta, halafu amekaa chini sakafuni, na nilipomwita hakusikia.

Juma lile alikuwa anamsimulia shangazi yake jikoni, sura baada ya sura. Alipofika pale msichana anapotoroka, shangazi akasema safari ya Minova ingoje, kwanza ajue mwisho. Kilipoisha hicho, Nabintu akaenda kuchukua kingine. Minova hakwenda tena. Tulimaliza shule mwaka uleule, mimi na yeye, na mimi hakunishukuru hata siku moja. Alikuwa na haki.

Sasa wewe unarudi kutoka maktaba mikono mitupu, unaniambia hakuna kitu! Uliangalia majalada dakika tano, ukaogopa kumuuliza mama wa pale, ukatoka. Unanichosha, mwanangu. Rudi kesho. Mwambie unachokitaka kweli, hata kama ni mapenzi, hata kama ni vichekesho. Inama uone rafu za chini. Soma ukurasa papo hapo kabla hujabeba, na kisichokushika kirudishe bila aibu. Na siku wakikutuma kumchagulia mwenzako, tafadhali, msikilize yeye kwanza, usijichagulie sifa.

Mungu akufungulie macho na masikio. Akukutanishe na kitabu kitakachokufanya usisikie ukiitwa kula, na mimi nitakuwekea chakula chako pembeni, bila kulalamika.